Mikono Nyuma

Katika miaka yote niliyomjua, kwanza nikiwa mwanafunzi wake na baadaye mwalimu mwenzake, sikuwahi kumwona Mwalimu wa Kazi za Mikono akigusa kazi ya mtoto. Aliingia darasani, akaweka mkoba juu ya meza, akafunga mikono nyuma, na hakuifungua mpaka kengele ilipolia. Ukimwambia, "Mwalimu, nishikie hapa tu," alikuinamia mpaka ukasikia harufu ya karafuu aliyokuwa akiitafuna, akatazama, akasema, "Mkono wangu si wako." Kisha akahamia dawati la pili.

Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kumuuliza anasomeshaje mshono bila kushika sindano. Akamjibu kuwa anasema. Na kweli alijua kusema. Alikueleza fundo kwa maneno, uzi huu upite wapi na ule usubiri nini, mpaka vidole vyako vikaenda vyenyewe huku bado umekasirika kwamba hakukusaidia.

Skuli yetu iko Mji Mkongwe, katika jumba la zamani ambalo dari lake hudondosha chokaa vitabuni. Chumba chake kilikuwa cha mwisho, juu kabisa, na humo ndimo tulimozungukia dunia. Wiki hii Japani, karatasi moja ya mraba ikunjwe mpaka iwe korongo. Wiki ijayo Ghana, tufume vitambaa vya mistari kwa vipande vya kanga kuukuu, kwenye fremu tulizokata katika maboksi ya tende. Halafu Meksiko, karatasi za rangi zilizotobolewa maua na mafuvu ya vichwa, na hayo mafuvu kila mtoto alikwenda kujieleza nyumbani kwao kivyake. Halafu Uturuki, karatasi inalazwa juu ya maji yenye rangi na kuinuliwa ikiwa imejaa mawimbi. Yeye mwenyewe hakuwahi kutoka Unguja isipokuwa mara moja, alipokwenda Tanga kwenye harusi, na alirudi akiulalamikia wali wa huko.

Tulipofika India alitutaka tuchore maua ya unga wa mchele kwenye vizingiti vya nyumba zetu. Mama yangu alitoka asubuhi akakuta unga wa vitumbua vyake uko chini mlangoni na kuku wawili wa jirani wanaula. Alijifunga buibui akaja skuli nami nikimfuata nyuma.

"Mwalimu," alisema, "huyu mwanangu hapa anasoma au anamwaga?"

"Anamwaga kwa mpango, bibi yangu. Maua yalikuwa mangapi?"

"Manane."

Mwalimu alinigeukia. "Nlikwambia saba."

Mama alicheka, na mpaka leo hamkumbuki mwalimu wangu mwingine yeyote ila huyo.

Neno "nzuri" lilikuwa marufuku chumbani mwake. Ukisema kikapu ni kizuri alikwambia kaa chini, hujakiona bado. Aliyekiona alitakiwa ajibu swali moja: "Alianza wapi?" Kila kitu kilichotengenezwa na mtu, alisema, kina mahali mtu huyo alipoanzia, na mtazamaji asiyepajua hapo hajatazama. Tulikuwa tukigeuza vikapu, makawa ya kufunikia chakula na kofia za vitobo juu chini tukitafuta mwanzo. Mimi nasomesha hesabu sasa, na hilo ndilo swali ninalowauliza wanafunzi wakikwama, ingawa siwaambii nimelitoa wapi.

Vitabu vya ufundi wa nchi nyingine skuli ilikuwa navyo viwili, na kimoja kilikuwa kimeliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa Urusi. Kwa hiyo alitumia vichochoro. Wageni hupita chini ya madirisha yetu siku nzima wakitafuta njia, na yeye alikuwa na tabia ya kuwakamata. Alisimama mlangoni pa skuli na korongo la karatasi kwenye sahani, maana hakutaka kulishika, na kila mgeni aliyepita alimuuliza anatoka wapi. Siku moja alipata bibi wa Kijapani, mtu mzima, akampandisha ngazi zote mpaka kwetu. Bibi wa watu alipoyaona makorongo yetu yamekaa kichovuchovu alicheka kwa kujificha, akanyoosha mkono amrekebishie mtoto wa mbele. Mwalimu akamzuia. Kwa Kiingereza chake cha kuhesabu maneno alimwambia aseme, asiguse. Yule bibi alifikiri kidogo, akamtazama Mwalimu alivyosimama, na yeye akafunga mikono nyuma. Wakazunguka madawati wawili hao kama wakaguzi, mmoja akisema na mwengine akitafsiri, na jioni ile makorongo yetu yalikuwa na shingo.

Sitaki kumpamba. Alikuwa na ukali wa kuchosha. Alimfanya mwenzetu mmoja afumue kitambaa mara nne, na mara ya nne mtoto alilia na yeye akamsubiri amalize kulia kisha akamuuliza alianza wapi. Subira yake ilikuwa ya darasani tu. Kwenye foleni ya chochote alikuwa wa kwanza kuguna, na chai aliinywa ikiwa moto wa kuunguza kwa sababu hakuweza kuingoja ipoe. Mwalimu wa ushoni huyo, pindo la buibui lake lilikuwa limebanwa kwa pini za stepla. Tuliziona zikimeta anapopanda ngazi. Alipogundua kuwa tunazitazama alisema buibui ni lake na hakuna aliyemwomba maoni.

Kuta zote za chumba kile zilizungukwa na kamba. Juu yake tulitundika kazi zetu za dunia nzima, Ghana hapa, Peru pale, Japani ikipeperuka dirishani. Ilikuwa kamba ya usumba, ile ya nyuzi za kumbi la nazi, ya rangi ya kahawia, yenye kuwasha ukiigusa. Haikununuliwa. Kila darasa la tano lilisokota urefu wake na kuuunga kwenye mwisho wa darasa lililotangulia, na penye kila kiungo palikuwa na fundo na kitambaa kidogo cha rangi ya darasa hilo. Wazee waliokuja siku ya wazazi walipita kuta hizo wakitafuta rangi ya watoto wao wakubwa. Tulimuuliza kwa nini katika orodha ya nchi zake hakuiweka kamba hii ya kwetu, na yeye alisema orodha ni ya vitu vinavyotundikwa.

Kamba hiyo ndiyo inayonifanya niandike haya, kwa sababu mwaka huu ilikuwa inikatikie mikononi.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mara moja kwa mwaka, siku ya Jumamosi, skuli zikiwa zimefunguliwa karibuni, tulikodi gari tukaenda naye Paje, kwao. Tulichukua magunia ya makumbi mabichi. Pwani ile wanawake huyafukia makumbi kwenye mashimo, wakayafunika kwa mawe na kuyaacha yaoze kwa miezi, ndipo yakipigwa kwa rungu hutoa nyuzi. Siku hiyo tulifanya kazi mbili. Kwanza tulilifukua shimo lililofukiwa mwaka uliopita na darasa la mbele yetu, watoto ambao wengine hatukuwajua hata majina. Kisha tulifukia yetu kwa ajili ya darasa litakalotufuata. Tuliyoyasokota sisi hatukuyafukia sisi, na tuliyoyafukia hatukuyaona tena.

Namna ya kufukia aliisema mara moja tu, amesimama kwenye mchanga mkavu, mikono nyuma. Shimo liwe mahali maji yanapofika kila siku, yakienda yarudi. Liwe la kina. Mawe yawe mazito. Kisha akatuachia.

Sisi watoto wa mjini tuliitazama ile pwani iliyokupwa, matope meusi, vishimo vya kaa, wanawake wa mwani mbali wameinama kwenye kamba zao, na harufu ya yai viza ikitoka kwenye shimo tulilokwisha kulifukua. Mwaka wetu mimi ndiye niliyechagua mahali. Nilichagua juu, karibu na majani, penye mchanga mweupe laini, na nilijitetea kwa wenzangu kuwa huko chini mawimbi yatayachukua. Tulichimba kwa dakika chache, tukaweka vijiwe vya kubebeka, tukaenda kunywa madafu. Mwalimu alitazama yote. Nilipomuuliza kama tumefanya vyema alisema, "Mkono wangu si wako," na nilidhani hilo lilikuwa ndiyo.

Mwaka uliofuata darasa la nyuma yetu lilirudi kutoka Paje na nyuzi laini, ndefu, za kupendeza. Kamba yao ikaungwa kwenye yetu. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Lipo jambo jengine, dogo, ambalo tulilichezea sana. Jumatatu ya baada ya safari ile, kila mwaka, Mwalimu alinuka. Sisi wenyewe tulinuka Jumamosi, lakini mama zetu walitusugua kwa ndimu na majivu mpaka ikaisha. Yake Jumatatu ilikuwa mbichi. Harufu ilitoka mikononi mwake, nyuma ya mgongo, na alipopita kati ya madawati waliokaa nyuma yake waliziba pua. Mtoto mmoja mwenye ujasiri alimuuliza.

"Papa," alisema. "Jana nlikula papa mkavu."

Basi tukamwita Bi Papa, tukafundisha jina hilo madarasa ya chini. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza imekuwaje mikono ambayo Jumamosi haikugusa kitu ikanuka Jumatatu.

Alistaafu mwaka juzi. Siku ya kuagwa alipewa saa ya ukutani na kanga doti moja, akashukuru kwa maneno machache, akaondoka kabla ya biriani kwa sababu ilikuwa inachelewa. Hapakuwa na mwalimu aliyetaka chumba cha juu. Nilikichukua mimi, juu ya vipindi vyangu vya hesabu, na nilikichukua kama nilivyokiona: niliingia, nikaweka mkoba, nikafunga mikono nyuma.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Tulikwenda Paje, tukafukua shimo la darasa lake la mwisho, makumbi yakatoka meusi na laini kama ilivyotakiwa. Watoto wangu nao wakafukia. Walichagua juu, kwenye mchanga mweupe. Nilikumbuka kuwa sisi pia tulichagua huko huko na ikafaa, nikatazama, nikanyamaza. Mmoja aliniuliza kama ni sawa. Nilimjibu alivyokuwa akijibu yeye.

Mwaka huu nilirudi na darasa jipya. Tulipoondoa vijiwe, makumbi yalikuwa makavu, ya rangi ileile ya gunia, magumu. Hayakunuka hata kidogo. Watoto waliyapiga kwa rungu, rungu likaruka. Waliyapiga zaidi ya saa nzima, wavulana wakipokezana na wasichana, na walichopata ni vumbi na vipande vifupi visivyofika hata kidole. Mwanzoni walicheka. Baadaye wote wakanitazama mimi, nami mikono yangu iko nyuma, sijui niiweke wapi.

Msichana mmoja mpole, asiyesema sana, alitupa rungu lake akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, sisi kwenye ile kamba hatumo?"

Nilisema tutaona, neno ambalo watoto wanalijua maana yake. Niliwaambia wafukie magunia mapya tuliyokuja nayo, na wakayafukia kwa hasira, haraka, palepale juu. Makavu tuliyaacha kwenye lundo.

Walipokuwa wakinawa, mama mmoja wa pwani, wa makamo, aliyekuwa akianika mwani wake karibu, alinikaribia akitabasamu. Nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndo mwalimu mpya? Wamekuleta mwanamume kwenye makumbi, kazi ya wanawake!" Akacheka, kisha akaangalia lundo. "Haya hayajaonja maji haya."

"Tuliyafukia hapahapa wanapofukia siku zote."

"Siku zote wanafukia hapa, ndiyo. Lakini mwenzio si alikuwa akirudi?"

"Akirudi lini?"

"Kesho yake. Kila mwaka, nyie mkishaondoka, Jumapili nnamuona huyo, peke yake, na jembe. Anayafukua yote, anayabeba kule chini." Alinionyesha kwa kidevu, mbali, kwenye matope karibu na maji. "Siku hizo tulikuwa tunamsaidia mawe, anatufukuza. Yakishafika maji kupwa ya Januari anakuja tena kuyarudisha juu, kabla hamjaja. Mwaka jana pia alikuja kuyarudisha, ndo mara ya mwisho kumuona. Sisi tukamwambia, wewe mama, si uwaonyeshe tu hao watoto? Hakutujibu."

Alikwenda kugeuza mwani wake. Nyuma yake wageni walikuwa wakivutwa juu ya maji na tiara zao kubwa, wakipiga kelele za furaha. Nilisimama hapo nikiwa mtoto wa darasa la tano tena, na aibu ilinipata ambayo sikuitarajia katika umri huu. Nilikuwa nimejisifu wiki nzima.

Wanafunzi niliwafikisha mjini salama, na jioni hiyohiyo nilikwenda Mbweni, anakokaa sasa kwa binti yake. Nilichukua kumbi moja gumu mfukoni. Nilimkuta ukumbini, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya ile saa ya ukutani tuliyompa, inayokwenda mbele dakika kumi. Amepungua mwili. Mikono iko mapajani na inatetemeka, ya kulia zaidi, na sikuwahi kuiona mbele yake muda mrefu kiasi hicho.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa, chai nshaimaliza."

Nililiweka kumbi juu ya meza. Hakulichukua. Aliliinamia akalinusa, akaegemea kiti.

"Hili halijanuka," alisema.

"Halijanuka. Darasa zima halina kamba, Mwalimu. Kosa langu. Nilidhani wanafukia sawa, maana sisi tulifukia pale pale."

Alinitazama.

"Na leo nimeambiwa na mama mmoja wa pwani," niliendelea, "kuhusu zile Jumapili."

Alisogeza kikombe kitupu. "Wale hawajui kufunga mdomo," alisema mwishowe.

"Katika madarasa yote hayo, lipi lilifukia vizuri?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja. Nyinyi mlikuwa wabaya kuliko wote. Mliweka vijiwe vya kuchezea bao."

Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Nilimuuliza kilichokuwa kikiniuma tangu Paje: yeye aliyemliza mtoto kwa kitambaa badala ya kumshikia uzi mmoja, ameweza vipi kuifanya upya kazi ya kila darasa, kwa siri, miaka yote.

"Kazi yako sijaigusa mpaka leo," alisema. "Ukishayafukia makumbi yale si yako tena. Ni ya wanaokuja. Sasa wao wana kosa gani?"

Aliniuliza kama watoto wangu wamefukia magunia mapya, na wapi, nikamwambia juu, kwenye mchanga mweupe. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani zilezile. Makavu je? Nikasema yako kwenye lundo. Aliuliza skuli zinafungwa lini, akahesabu kwa midomo.

"Yatawahi. Yote yaende majini, mashimo mawili, makavu na mapya yasichanganywe. Kabla ya kufunga skuli wafukue hayo makavu, wasokote. Wamo."

"Mwalimu, mimi sijui kule chini pa kuchimba. Kesho nije na gari nikuchukue? Ukae kitini tu, unionyeshe kwa kidole."

Aliitazama mikono yake ile inayotetemeka mapajani. Kisha polepole, kwanza wa kushoto halafu wa kulia, aliipeleka nyuma ya kiti akaifunga huko.

"Kaa," alisema. "Ntakwambia."

Alinieleza kwa karibu saa nzima. Rangi ya matope, ugumu wa chini, umbali kutoka kwenye mwamba, mawe ya kuchukua na ya kuyaacha. Alinirudisha nyuma mara tatu nilipokosea kuyarudia maneno yake. Jumapili nilikuwa Paje maji yakiwa yamekupwa, nikachimba mashimo mawili mpaka mgongo ukakataa, na yule mama alicheka kwa mbali lakini hakuniletea jiwe hata moja.

Jumatatu nilipanda ngazi mpaka chumba cha juu. Niliwaambia watoto kuwa makumbi yao yanahitaji miezi zaidi, na kwamba kabla ya mwaka kwisha tutakwenda kuyafukua. Yule msichana mpole aliutazama mwisho wa kamba ukutani, kisha akachagua rangi ya kitambaa cha darasa lao. Nilifunga mikono nyuma, nikaanza kupita kati ya madawati.

Nyuma yangu mtu akaziba pua. Mwengine akacheka.

"Mwalimu, mbona mikono yako inanuka?"

"Papa," nikasema. "Jana nlikula papa mkavu."